Kambi ya wiki mbili Kusini: siku ya mchezaji, alfajiri hadi kulala

Timu nyingi za Mtwara na Lindi huingia kambini Julai au Agosti, na nyingi huingia na mpango mmoja tu: mbio. Asubuhi mbio za ufukweni, jioni mbio za kuzunguka uwanja, kesho hivyo hivyo, mpaka vijana watapike. Ligi inapoanza, beki wa kulia kashavutika msuli wa nyuma ya paja, winga anatembea kuanzia dakika ya 60, na mashabiki wanasema timu haina pumzi. Pumzi ilikuwepo, ila ilitumika yote kambini.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa timu ya wilaya au ya ligi ya mkoa: wachezaji ishirini na kitu, mipira michache, koni, filimbi, na nyumba ya kuazima yenye magodoro. Ratiba nimeipigia hesabu ya msimu wa kusi, yaani katikati ya mwaka. Wanaoingia kambini miezi ya joto nitawaambia pa kubadili.

1. Anza na daftari, siyo filimbi

Siku ya kwanza msikimbie kwanza. Pima uzito wa kila mchezaji, andika umri, andika maumivu yoyote aliyokuja nayo. Kijana akiulizwa mbele ya wenzake "una tatizo lolote?" atasema hana. Mwite pembeni, mguse goti na enka, muulize tena.

Jioni ya siku hiyo mfanye jaribio la dakika 12: kila mtu akimbie awezavyo, halafu uandike umbali. Huhitaji uwanja wa riadha. Uwanja wa mita 105 kwa 68 ukizungukwa kwa kufuata mistari ni mita 346, hivyo mizunguko minane ni mita 2,768. Ila viwanja vyetu vya mitaani havina vipimo hivyo, kwa hiyo pima wako kwa futi ya fundi au kamba iliyopimwa, usikisie kwa hatua. Jaribio hili mtalirudia siku moja tu mwishoni. Sio mashindano, ni kumbukumbu.

Daftari lina kazi ya pili, na kwangu hii ndiyo kubwa. Kila zoezi likiisha, subiri kama nusu saa, kisha muulize kila mchezaji: kuanzia 1 hadi 10, kazi ya leo ilikuwa nzito kiasi gani? Namba yake uizidishe kwa dakika mlizofanya. Mchezaji aliyesema 7 kwa zoezi la dakika 90 kabeba mzigo wa 630. Aliyesema 4 kwa dakika 60 kabeba 240. Jumlisha kwa siku, halafu kwa wiki. Njia hii hutumiwa hata na klabu zenye vifaa vya bei mbaya, na gharama yake ni kalamu. Baada ya siku nne utaona mambo ambayo macho hayaoni: kiungo wako anayecheka muda wote anasema 9 wakati wenzake wanasema 6. Huyo ama anaumwa, ama halali, ama hali vizuri. Mtafute.

Usiwaulize wakiwa wamekaa kundi. Wa kwanza akisema 5, wote watasema 5.

2. Panga siku kwa jua na swala

Huku kwetu wachezaji wengi ni Waislamu, na ratiba isiyojua swala itavunjika yenyewe siku ya tatu. Nayo swala inakusaidia, maana imeshaigawa siku sehemu zinazofaa mazoezi.

Saa 11:00 alfajiri wanaamka. Wa kuswali wanaswali, wasioswali wananyoosha viungo na kunywa maji. Juni na Julai jua huku hutoka karibu saa 12:30, kwa hiyo zoezi la asubuhi lianze hapo, liishe saa 1:45 au saa 2:00. Kifungua kinywa kinafuata. Saa 5:00 darasa fupi la mbinu, saa 7:00 chakula baada ya Adhuhuri, kisha kulala. Alasiri wakishaswali, saa 10:00 mnaingia uwanjani, na saa 11:30 mnatoka. Magharibi inawakuta wameshaoga.

Ijumaa fanyeni asubuhi tu. Kwa timu za Masasi na Ndanda zenye Wakristo wengi, Jumapili asubuhi iachwe wazi, mfanye zoezi jepesi jioni. Ikitokea kambi imeangukia Ramadhani, acha kabisa habari ya mazoezi mawili kwa siku: fanyeni moja, fupi, saa moja kabla ya futari au baada ya kula kidogo usiku.

Miezi ya joto, kuanzia Oktoba kwenda Machi, sogeza asubuhi ianze mara kunapopambazuka na jioni ianze saa 10:30. Mwili unahitaji kati ya siku 7 na 14 kuzoea joto, kwa hiyo wiki ya kwanza punguza dakika, sio maji.

3. Zoezi la asubuhi

Kabla ya kutoka, kila mmoja apate kitu chepesi: ndizi moja, au chai yenye sukari na kipande cha muhogo. Tumbo tupu na mbio haviendani, hata kama wazee wa mpira watakuambia wao walikimbia hivyo hivyo.

Kupasha mwili kuchukue dakika 20 kamili. Kuna mpango wa FIFA unaoitwa 11+, wenye mazoezi 15 katika sehemu tatu: mbio za taratibu zenye kuzungusha nyonga na kugusana mabega na mwenzako, kama dakika 8, kisha nguvu, kuruka na kusimama kwa mguu mmoja, kama dakika 10, mwisho mbio za kasi zenye kubadili mwelekeo, dakika 2. Hauhitaji kifaa zaidi ya koni na mpira. Timu zinazoufuata angalau mara mbili kwa wiki, kwa usahihi, hupata majeruhi wachache. Neno "kwa usahihi" ndilo linaloangusha wengi: kijana anaruka, anatua magoti yakiwa yamegongana, na mwalimu anatazama simu. Goti lisiingie ndani wakati wa kutua. Ukisimamia hilo moja tu, umeokoa kazi.

Baada ya hapo, kama siku hiyo ina spidi, spidi ije kwanza mwili ukiwa mbichi. Mita 20 hadi 30, mara sita hadi nane, na mapumziko marefu: kwa kila mita 10 za kasi, wape karibu dakika nzima. Wachezaji wataona wanasimama sana. Waache wasimame. Spidi ya mtu aliyechoka ni mbio za kawaida zenye jina kubwa.

Pumzi itafutwe kwa mpira. Weka uwanja mdogo wa mita 30 kwa 25, wanne kwa wanne, dakika 4 za kazi na 3 za kupumzika, mara nne. Mipira mingine iwekwe pembeni ili ukitoka mmoja uingizwe mwingine papo hapo. Moyo utapiga kama wa mtu anayekimbia mbio za vipande, huku akijifunza kupokea mpira akiwa na mtu mgongoni. Ukitaka kazi iwe nzito zaidi, ongeza upana. Ukitaka miguu iwe ya haraka zaidi, punguza. Kipa naye asikae golini akingoja mashuti ya mwisho. Awe na dakika zake 30 za kudaka, kuinuka na kugawa mpira kwa mguu.

4. Ufukwe, kwa adabu

Shangani kwa Mtwara, na ufukwe wa mjini kwa Lindi, ni zawadi ambayo timu za bara hazina. Ila mchanga mkavu hula nguvu kama mara moja na nusu ya ardhi ngumu, na huivuta kano ya kisigino kwa namna ambayo mchezaji haisikii mpaka kesho yake. Mara mbili kwa wiki zinatosha, dakika 25 hadi 30 kila mara, na kamwe siku inayofuata mechi.

Angalia maji kabla hujapanga siku. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji kwetu hujaa alfajiri na alasiri. Ukifika saa 12:30 bado yapo juu na umebakiwa na ukanda wa mchanga laini tu. Siku hizo zifae kazi fupi: kuruka, mita 10 za kasi, mieleka ya kusukumana. Siku za maji mafu, bahari isipojaa sana wala kupwa sana, unakuta mchanga mgumu uliolowa tangu asubuhi, na hapo ndipo pa mbio ndefu za taratibu. Kila siku maji yanachelewa kwa karibu dakika 50, hivyo ukishajua ya leo unaijua na ya keshokutwa. Usipojua, muulize mvuvi yeyote, atakuambia bila kutazama kalenda.

Ufukwe una mwinamo. Wakimbie kwenda na kurudi umbali ule ule, la sivyo mguu mmoja utakuwa wa bondeni zoezi zima. Kabla hawajavua viatu, tuma wawili wapite wakiokota chupa na ndoano. Baada ya mazoezi waingie baharini hadi kiunoni, dakika 10, huku wakiburuza miguu ili samaki taa aliyejifukia mchangani aondoke mwenyewe.

Timu za Newala, Nachingwea au Ruangwa zisione zimepunjwa. Mlima mfupi wa mita 30 unaopandwa kwa kasi mara nane, na kushuka kwa kutembea, hujenga miguu kuliko ufukwe wote wa Mikindani. Namungo ni timu ya Ruangwa, mbali na bahari. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, msimu uliofuata ikafika fainali ya kombe la TFF na kufungwa na Simba 2-1, kisha ikacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika.

5. Jiko na ndoo ya maji

Bajeti ikiwa ndogo, kata jezi mpya, usikate chakula. Bahati nzuri soko letu lina kila kitu.

Saa 2:15 baada ya mazoezi: uji wa karanga, mayai, mihogo au viazi vya kuchemsha, tunda. Huu ndio mlo ambao timu nyingi hugeuza kuwa chai ya rangi na andazi moja, halafu wanashangaa vijana wanasinzia darasani. Mchana wali au ugali na samaki, maharage au mbaazi, mboga za majani. Ugali wa muhogo unashibisha na unatoa nguvu, lakini protini yake ni kidogo mno. Usiwape na mlenda peke yake, weka dagaa, kunde au choroko. Ming'oko, vile viazi vya porini, ikiwepo, wachemshie jioni, hakuna ubaya. Usiku chakula kiwe kama cha mchana, kipungue kidogo, na kiliwe kabla ya saa 2.

Korosho ni chakula kizuri, ila sio saa moja kabla ya mazoezi. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na mafuta hukaa tumboni muda mrefu. Wape jioni, konzi moja. Na kama kambi yenu ni ya msimu wa mabibo, yaani matunda ya mkorosho, liseme jambo hili siku ya kwanza bila kuzunguka: juisi ya bibo ya asubuhi hiyo hiyo sawa, uraka, yaani pombe ya mabibo, hapana. Gongo usiitaje, wanaijua.

Maji yapimwe kwa mizani. Mchezaji apimwe kabla na baada ya zoezi, akiwa amevaa bukta tu na amejifuta jasho. Aliyeingia na kilo 68 akatoka na 66.8 kapoteza kilo 1.2, na anatakiwa anywe karibu lita 1.8 kidogo kidogo ndani ya saa chache, yaani mara moja na nusu ya alichopoteza. Akipoteza zaidi ya asilimia 2 ya uzito, kwake kama kilo 1.4, uwezo wake unashuka, na kesho asubuhi hayuko sawa. Uwanjani weka mapumziko ya maji kila dakika 15 hadi 20. Mkojo wa rangi ya chai maana yake hajanywa. Wafundishe waangalie wenyewe. Dafu ni zuri baada ya zoezi, lakini halina chumvi ya kutosha kwa mtu aliyetoka jasho jingi, kwa hiyo chumvi ya mezani isikosekane kwenye mlo.

6. Mchana ni sehemu ya mazoezi

Darasa la saa 5:00 lisizidi dakika 30. Mada moja. Leo tunakaba vipi tukipoteza mpira upande wa kushoto, basi. Chora chini kwa kijiti, tumia visoda, na mwambie beki mwenyewe aeleze anasimama wapi. Mwalimu anayehutubia saa nzima anajifurahisha.

Baada ya chakula, simu zikusanywe kuanzia saa 8:00 hadi saa 9:15. Watanuna siku mbili, siku ya tatu utasikia mikoromo. Usiku walale saa 4:00, na vyandarua visiwe vya wenye vitanda peke yao: wa kwenye godoro chini naye afungiwe chake. Malaria katika mikoa yetu bado ipo sana, na mchezaji mmoja mwenye homa wiki ya pili ni sawa na majeruhi. Homa ikianza, apimwe siku hiyo hiyo. Asipewe dawa ya rafiki yake.

7. Jioni: mbinu, na nguvu bila jimu

Zoezi la jioni ni la timu. Mduara wa kupiga pasi na wawili katikati wanaousaka mpira, dakika 10. Kisha kujipanga: safu ya ulinzi kusogea pamoja, viungo kufunga katikati, kutoka nyuma kwa pasi. Kisha mchezo wa kumi kwa kumi wenye sharti moja, mfano bao la krosi lihesabiwe mara mbili. Dakika 10 za mwisho ni za kona na faulo. Mechi nyingi za ligi ya mkoa huamuliwa hapo, na ni timu chache zinazojua nani anasimama nguzo ya karibu.

Mara tatu kwa wiki, baada ya mpira, dakika 15 za nguvu. Zoezi la kwanza: mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu, anajishusha mbele polepole mwili ukiwa umenyooka hadi mikono iguse chini. Hili ndilo bora ninalolijua la kulinda misuli ya nyuma ya paja, na ndilo linaloumiza zaidi kesho yake, kwa hiyo wiki ya kwanza seti mbili za mara nne zinatosha. La pili: kulala ubavu, mguu wa juu umeshikiliwa na mwenzako, unauinua mwili, hilo ni la kinena. Ongeza kujinyoosha kama ubao juu ya viwiko na kuchuchumaa kwa mguu mmoja. Mifuko ya mchanga itakuwa vyuma vyenu.

8. Mpangilio wa wiki

Siku nzito isifuatane na siku nzito nyingine. Wiki ya kwanza ninaipanga hivi: Jumatatu wastani, Jumanne nzito, Jumatano nyepesi na zoezi moja tu, Alhamisi nzito, Ijumaa asubuhi ya wastani, Jumamosi mechi ya kirafiki, Jumapili kupumzika au kuogelea. Mazoezi mawili kwa siku yawe Jumanne na Alhamisi, basi. Wiki ya pili ongeza mzigo kidogo siku mbili za mwanzo, halafu kuanzia Alhamisi punguza dakika karibu nusu, lakini kasi ibaki ile ile.

Kila asubuhi, kabla ya kuinuka kitandani, mchezaji ahesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja. Yakizidi ya kawaida yake kwa kumi hivi asubuhi mbili mfululizo, huyo afanye nusu ya zoezi. Tazama na daftari: jumla ya wiki ya pili ikiruka mbali sana na ya kwanza, mmekosea mzani, rekebisheni kabla msuli haujarekebisha wenyewe.

9. Mtu akiumia

Enka ikivimba, asimame hapo hapo. Barafu inapatikana soko la samaki. Ifunge kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, rudia kila saa mbili au tatu siku hiyo. Funga bandeji isiyokaza sana, mguu uinuliwe. Kuna watu watakuja na maji ya moto na dawa ya kuchua papo hapo. Wakaribishe chai. Jeraha bichi halichuliwi wala halipashwi moto siku mbili za mwanzo. Asiyeweza kukanyaga hatua nne apelekwe akapigwe picha. Aliyegongwa kichwa akayumba au akasahau matokeo harudi uwanjani siku hiyo, hata akilia.

10. Siku tano za mwisho

Rudia jaribio la dakika 12 siku tano kabla ya mechi, isiwe karibu zaidi. Siku mbili kabla, dakika 60 za mbinu na kona. Siku moja kabla, dakika 40: mduara, spidi fupi nne, penalti, mnaondoka.

Mkiwa mnacheza Dar, kumbuka kutoka Mtwara barabara ni zaidi ya kilomita 500 na misuli ya nyuma ya paja huchoka kwa kukaa. Safirini siku mbili kabla, shusheni wachezaji kila saa mbili watembee dakika kumi, na chakula cha njiani kipikwe kambini, siyo chipsi za stendi. Mkifika, dakika 20 za kutembea na kunyoosha, kuoga, kula. Daftari liwe kwenye begi la mwalimu, siyo kwenye buti la basi, maana mzigo wa mechi ya kwanza nao unaandikwa.